Gari la Upepo Lililokunywa Chai

Wajukuu zangu hawataki nishike kitu. "Bibi, kaa, umeshafanya kazi vya kutosha." Nakaa. Haupiti muda nimeshainuka, niko uani nazunguka, nasikiliza pikipiki zinazopita ni ipi tairi lake limelegea. Hata kanisani naona padri anachelewa kumaliza. Basi nimeona niandike, mikono ipate shughuli, na nyie mnaoanza kazi za gereji hapa Mpanda mpate la kucheka na pengine la kushika.

Kazi yangu ilikuwa upepo. Nasema upepo ulioshindiliwa kwenye mtungi: wa kujazia matairi, wa kupulizia rangi, wa breki za malori. Mafundi wa injini walitudharau, wakatuita wajaza pumzi. Lakini lori lililokatika upepo haliendi popote hata injini yake iwe mpya, kwa sababu breki zinayakamata matairi na haziyaachii. Hapo ndipo dereva anakuja kwako na adabu zote, anakuita mama wakati yeye ni rika la baba yako.

Namkumbuka mmoja aliyekuja na mchele kutoka Mamba. Hosi ya breki ilikuwa imetoboka, naye alikuwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli, juu yake kipande cha kitenge, juu yake kamba ya katani. "Nimeifunga dada, lakini bado inalia." Nikapaka maji ya sabuni. Povu likachemka kiganja kizima mbali na pale alipofunga. Nikamwambia upepo haufungwi kama mzigo wa kuni, unatafutwa kwanza. Alicheka sana, akaniachia kisado cha mchele, na bado safari iliyofuata alirudi na fundo jingine la namna ile ile.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Gaudensi, Mfipa mmoja mrefu, mwenye kibanda chake Kashaulili nyuma ya soko. Ujana wake aliumalizia mgodini akitoboa mwamba kwa mashine za upepo, na zile mashine zilikuwa zimemtikisa mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Asubuhi za baridi vilikuwa vyeupe kama mihogo iliyomenywa. Hakuweza kusikia mvujo wa upepo kwa mkono, kwa hiyo aliutafuta kwa shavu. Utamkuta ameinamia mtungi, amefumba macho, shavu linatembea polepole kwenye maungio. Wateja wageni walidhani anausalia.

Mimi alinichukua nikiwa mtu mzima, mjane, baada ya gereji nyingine zote za mji kunicheka. Sikuwa na kazi nyingine wala sikuitaka. Nilikuwa nikifika asubuhi namwambia shikamoo, naye badala ya marahaba ananiuliza, "Umemwaga maji?" Maana upepo unaposhindiliwa unaacha maji chini ya mtungi, na maji hayo yanakula chuma kwa ndani wewe huoni. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, fungua koki ya chini, yamwage. Miaka yote niliyokaa naye sikumbuki kama alinisalimia vingine.

Sheria yake nyingine: mtungi usioujua usiutie upepo kabla hujautia maji. Unaujaza maji pomoni, unausukuma kwa pampu ya mkono mpaka presha ipite ile unayotaka kutumia. Ukipasuka na maji, unalowa. Ukipasuka na upepo, watu wanakuja kuokota. Kiangazi, maji yakiwa ya kugombewa kisimani, majirani walitusema: hawa wana wazimu, ndoo za maji wanazitia kwenye vyuma. Fundi aliendelea kusukuma pampu. Nami nawaambia nyie: watu waseme, lakini mtungi ujazwe maji.

Sasa nifike kwenye gari, maana nazunguka.

Fundi alikuwa na mke, Mama Skola, aliyekaa shambani kwao njia ya kwenda Litapunga. Si mbali sana. Mtu wa miguu akitoka alfajiri anafika jua halijakolea. Lakini Mama Skola aliumia nyonga alipodondoka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na tangu hapo safari ya miguu ilimshinda. Fundi alikuwa akienda Jumamosi jioni na kurudi Jumatatu, na kila msimu alimwahidi kwamba atakuja kumchukua wakakae wote mjini. Na kila msimu kulikuwa na lori la mtu halijaisha.

Jumamosi moja nilifuatana naye kupeleka dawa ya mifugo. Mama Skola alikuwa ameketi kwenye mkeka anabangua karanga. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Baba Skola, mimi nimekuwa mzigo wa stesheni? Kila siku nangoja kuchukuliwa."

"Gari la kukodi halipo, mama. Mafuta yenyewe yameadimika."

"Sikusema la kukodi. Na baiskeli sipandi tena. Mkokoteni wa ng'ombe sipandi, sijawa gunia la mpunga. Wewe si unajiita fundi wa mashine? Njoo na mashine yako mpaka hapa mlangoni. Ikifika yenyewe, pasipo mtu kuisukuma, nafunga virago nakufuata. Isipofika, funga hicho kibanda, urudi tuzeeke pamoja. Getu, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Fundi akaangalia vidole vyake, akasema, "Nakubali."

Njiani tuliporudi niliwaza jambo moja tu. Kibanda kikifungwa, mimi nakwenda wapi? Wao walikuwa wameweka shauri la mume na mke, na mkate wangu wameuweka katikati yao kama karanga za kubangua. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nichape kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea kuisha. Tulikuwa na redio kibandani, tumeifunga kwa waya juu ya mtungi mkubwa. Siku moja ikasema huko Ulaya kuna watu wanaunda gari dogo linalokwenda kwa hewa iliyoshindiliwa. Halitumii petroli, halitoi moshi. Mafundi wa injini waliokuwa wamekuja kuazima spana wakacheka mpaka wakakohoa. Fundi Gaudensi hakucheka.

"Mimi nimeshalipanda hilo," akasema. "Chini ya ardhi. Kijitreni kilivuta mabehewa ya mawe kwa upepo, maana moshi wa injini kule ndani ungetumaliza. Hawa wa Ulaya wanalitoa juani tu."

Kuanzia siku hiyo hatukutulia. Tulichukua mitungi ya breki kutoka malori yaliyokufa, kila mmoja tukaujaza maji kwanza, na miwili ikapasuka ikatulowesha kama vifaranga. Iliyobaki tuliilaza chini ya kibao cha kukalia. Magurudumu yalikuwa ya pikipiki. Mota ilikuwa ya winchi ya upepo iliyouzwa kwa chuma chakavu, na mnyororo ukaenda kwenye gurudumu la nyuma. Usukani ulikuwa fimbo. Ukifungua koki upepo unaingia kwenye mota, unaizungusha, unatokea upande wa pili ukipiga chafya. Gari lenyewe si gari. Ni benchi lenye haraka.

Upepo wa kulijaza ukawa kisa kingine. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata reli, na hata zilipokwisha na barabara kukauka, mafuta hayakuwa yamefika. Kompresa yetu, ile mashine ya kushindilia upepo, ilikunywa dizeli. Hapa vijana mnisikilize vizuri, maana naona mnadanganywa na simu zenu: upepo haupatikani bure. Hewa ni ya Mungu, ila kuishindilia ni kazi, na kazi hiyo lazima mtu au kitu kiifanye. Sisi tuliing'oa injini ya kompresa, tukafunga mkanda kwenye gurudumu la baiskeli iliyosimamishwa, tukawa tunakanyaga kwa zamu. Asubuhi mimi, mchana yeyote aliyepita na kudai ana nguvu. Vijana wa soko walishindana nani atapandisha mshale wa geji zaidi, wakishuka miguu inatetemeka.

Siku moja nikiwa juu ya kiti, jasho linanitoka, nikamwambia, "Fundi, kwa miguu hii tuliyokanyaga si tungekuwa tumeshafika Litapunga na kurudi?"

"Tungefika. Lakini baiskeli Mama Skola hapandi." Akagonga mtungi kwa kifundo cha kidole. "Hii ni miguu ya watu imewekwa akiba. Kanyaga."

Jaribio la kwanza tulilifanya mchana, soko limejaa. Likaondoka. Naapa liliondoka, bila mlio wa injini, linapiga chafya zake tu, na watu wakafungua njia. Likawapita wauza dagaa, likawapita mafundi cherehani, likafika mbele ya banda la chai la Zaituni na kusimama. Mitungi bado ina upepo. Nikashika mota, nikautoa mkono upesi. Ilikuwa na barafu. Mpanda, jua la utosi, na mota imeota barafu nyeupe kama ya kwenye friji. Watoto wakaanza kuikwangua wailambe nikawafukuza, maana ilikuwa na oili.

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ukiushindilia upepo unapata moto; shika bomba la kompresa utaona. Ukiuachia unakuwa baridi, na ukiuachia kwa wingi unagandisha maji yaliyomo ndani yake. Barafu ile iliziba tundu la kutolea pumzi, gari likakabwa. Fundi alikaa pale kwenye kibao, vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa ile baridi ya mota, na nikaona anaogopa. Mafundi wa injini walikuwa wamesimama kando, wanangoja tuanze kusukuma.

Zaituni alikuwa mtu wa Karema, mwanamke asiyependa kitu chochote kimkalie mbele ya biashara yake. Akatoka na birika.

"Baba, gari lako limenizibia wateja. Lina nini?"

"Limeshikwa na baridi."

"Basi lipate chai kama wengine." Akaimwagia mota maji ya moto birika zima.

Barafu ikapasuka, mota ikapiga chafya kubwa, gari likaruka mbele na Fundi nusura aanguke. Na lilikwenda kwa nguvu kuliko mwanzo. Tulipolirudisha kibandani tuliifungua mota tuikague. Fundi akakumbuka kwamba hata dereva wa kijitreni cha mgodini alikuwa na chombo cha maji ya moto, na wao vijana walidhani ni maji yake ya kunawa. Upepo ukipita kwenye joto kabla ya kuingia kwenye mota unatanuka, unafanya kazi zaidi, na haugandi. Tukakata debe, tukalizungushia bomba, tukawa tunalijaza maji ya moto. Kuanzia hapo mji mzima ukajua kuna gari Kashaulili linakunywa chai, na Zaituni akajigamba kwamba yeye ndiye kituo cha mafuta.

Wiki ya safari Fundi alikagua maungio yote kwa shavu, akarudia, akarudia tena. Alikuwa hakai wala halali vizuri. Mara anikaripie kwa spana iliyo mahali pake, mara aniite anioneshe kitu nilichokijua zamani: namna ya kubana mkanda wa kompresa, mteja gani hodari wa ahadi, koki ipi inataka kufunguliwa kwa kubembeleza. Nilijibu najua, Fundi, najua. Nilidhani ni wasiwasi wa safari.

Tulitoka asubuhi. Yeye kwenye kibao, mimi nyuma kwa baiskeli, nimefunga chupa za chai za Zaituni huku na huku, nyingi zina maji ya moto na moja ina chai yetu ya kunywa. Nilipoingia kibandani kuchukua kofia nilikuta funguo za kabati la vifaa zimetundikwa kwenye msumari wangu, ule wa kanga. Nikazitia mfukoni bila kufikiri.

Gari lilikwenda. Si kwa mbio; mbuzi angeweza kulipita kama angekuwa na shughuli. Lakini lilikwenda lenyewe, na kila lilipoanza kukohoa niliruka chini nikamimina maji ya moto kwenye debe. Wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wanahamisha ng'ombe walisimama pembeni. Mzee mmoja akauliza linakula nini. Nikamwambia upepo na maji. Akasema, "Basi hilo si gari, ni jani la mti," na akaendelea na ng'ombe wake.

Mwinuko wa mwisho kabla ya shamba ndio uliotukamata. Chupa za maji ya moto zilikuwa zimekwisha. Geji ilikuwa chini kabisa, mota imeshaanza kuota weupe, na nyumba inaonekana, na Mama Skola anaonekana mlangoni kwenye kiti, mkono juu ya macho. Gari likasimama. Fundi alikuwa ameshika koki na vidole vyake havikuweza tena kuizungusha. Alikuwa anaisukuma kwa kiwiko.

Nikaweka baiskeli chini, nikaja nyuma ya gari, nikaweka mikono.

"Getu. Toa mikono."

"Mama Skola hataona mikono yangu, Fundi. Ni pale tu."

"Mimi nimeona. Toa."

Nikatoa. Niliogopa, sioni aibu kusema. Nilikiona kibanda kimefungwa, nikajiona nauza mihogo ya kuchoma kando ya stendi. Nikaichukua ile chupa ya mwisho, chai yetu yenye sukari na tangawizi ya Zaituni, nikaimimina yote juu ya mota. Mvuke ukapanda. Nikaizungusha koki kwa mkono wangu mpaka mwisho. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha likapiga chafya, likajivuta, likapanda ule mwinuko kama mzee anayepanda ngazi, na likaingia uani kwa Mama Skola linanukia tangawizi. Pale mlangoni upepo ukaisha, ukatoka wote kwa pumzi moja ndefu, na mshale wa geji ukalala.

Mama Skola aliliangalia muda mrefu. Akamwangalia mumewe, akachukua vile vidole vyake akaviweka kwapani kwake vipate joto.

"Limefika," akasema. "Sikusema uongo. Virago nafunga." Kisha akaliangalia tena. "Na kurudi je? Hapa mnalijaza wapi?"

Mimi niliganda kuliko ile mota. Wiki zote zile za kukanyaga, kuchomelea na kujaza maji, nilikuwa nimefikiria kufika tu. Kompresa ilikuwa Kashaulili, imefungwa kwa nati kwenye sakafu. Njia yote ile hapakuwa na mtungi wa upepo hata wa kujazia mpira. Nikamgeukia Fundi nione amepigwaje na jambo hilo.

Alikuwa anafungua nati za usukani, taratibu, kama mtu aliyefika kwake.

"Kurudi wapi?" akasema.

 Mama Skola aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanacheka, au yanalia, sikujua, nikageuka nikatazama mahindi. Nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta leso nilizikuta zile funguo.

Nilimkasirikia. Nilimpenda yule mzee kama baba na nilimkasirikia njia nzima ya kurudi na ile baiskeli, chupa tupu zikigongana. Angeweza kuniambia. Angeweza kufunga safari siku yoyote kwa miguu na kusema nimechoka, vidole vimekufa, nakuja nyumbani. Lakini alitaka kwenda kama mtu aliyeshinda, kwa mashine yake, pasipo kusukumwa. Sijui hata leo kama nimeshamsamehe. Nilimtembelea mara nyingi baadaye, na kile kibao cha gari Mama Skola alikiweka ukumbini, akawa anabangulia karanga juu yake.

Wajukuu wananionesha kwenye simu kwamba huko duniani bado kuna watu wanahangaika na magari ya upepo. Nawaombea. Hayanuki, hayashiki moto, na kazi za pale pale sokoni au chini ya ardhi yanaziweza. Mkija kwangu na mashine yoyote mpya, ya upepo, ya umeme, ya jua, sitawauliza inakwenda mbali kiasi gani. Nitawauliza mnaijaza wapi mkishafika, na kama mnataka kurudi.

Asubuhi iliyofuata safari ile nilifungua kibanda mwenyewe. Nilivaa ovaroli, nikawasha redio, nikaanza kupanga spana. Nikapanga, nikapangua, nikapanga tena. Kitu fulani kilikuwa hakijafanyika na sikukijua ni kipi. Zaituni akapita na birika lake, akasimama mlangoni.

"Fundi," akaniita mimi, kwa mara ya kwanza. "Umemwaga maji?"